ALIYEKOSEA KIPIMO NDIYE ALIPE



Twataka kusema juu ya jambo linalotuudhi sana sisi mafundi seremala. Milango hununuliwa na ofisi. Fremu hujengwa ukutani na watu wengine. Sisi hatuulizwi kitu. Siku ya kupachika ndipo huonekana kwamba mlango una upana wa futi 2 na inchi 9, na fremu ni ya futi 2 na inchi 6. Hapo fundi huitwa na kuambiwa, "Kata, kazi iishe leo!"

Kila seremala ajua kwamba mlango hukatwa, lakini kukata kuna mpaka wake. Mlango wa mbao nene waweza kupunguzwa inchi moja na nusu kila upande, na zaidi kidogo ili ufunguke vyema. Hupigwa mstari kwa kisu, hukatwa kwa msumeno mkali, kisha hupigwa randa. Lakini ule mlango rahisi wa plaiwudi una ubao mwembamba pembeni tu. Ndani ni uwazi na vipande vya karatasi ngumu. Ukiukata kiasi hicho, ubao wa pembeni huisha, na bawaba na kitasa havina pa kushika. Lazima uchonge ubao mpya, uutie ndani kwa gundi, uubane, ungoje ukauke. Hiyo si kazi ya nusu saa.

Fundi akieleza hayo, huitwa mvivu. Akikata kama alivyoamriwa na mlango ukaharibika, bei yake hutolewa katika mshahara wake. Yule aliyeandika kipimo kibaya hakatwi hata senti moja. Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Twauliza: kutii amri ya msimamizi ni kosa la makusudi tangu lini?

Basi twadai mambo matatu:

1. Kila fremu ipimwe juu, katikati na chini kabla mlango haujanunuliwa.

2. Amri ya kukata mlango iandikwe na itiwe sahihi na aliyeitoa.

3. Saa za kusahihisha makosa ya ofisi zilipwe kama saa nyingine za kazi.

Ndugu, ukiambiwa ukate, pima kwanza mbele ya msimamizi. Andika vipimo vyote viwili, na umwite mjumbe wa chama. Usinung'unike peke yako jioni njiani, kwani manung'uniko ya mtu mmoja hayasikiki ofisini.

Mbao zaweza kupunguzwa. Mshahara wetu usipunguzwe.

Umoja ni nguvu!