Kadi ya picha na deni la kasha la kijani

Wiki hii tunaeleza deni. Waliokuja mkutanoni Jumapili walimsikia mama mweka hazina akisoma: kasha la kijani limetoa dola 95 kwa ajili ya kompyuta ya chama, halafu 20 tena. Wengine walinung'unika, na walikuwa na haki. Tueleze yote, maana muso nyingi hapa Bukavu zina kompyuta kama yetu, na kijana anayeomba pesa ya kuiongezea nguvu.

Mashine yetu ni ya mezani, ilitumika Ulaya miaka mingi kabla ya kutufikia. Kesi yake ni nyembamba, tunailaza chini ya skrini. Binti yetu anafanyia humo montaji ya video za harusi na ubatizo, na faida inaingia kwenye minervali ya watoto sita wa wajane wetu. Lakini harusi ya saa moja ilikula usiku mzima kuhifadhiwa, na umeme ukikatika katikati, tulianza upya. Tukaambiwa tununue kadi ya picha, ile mafundi wanaita karti grafiki, ndiyo itabeba kazi ya video.

Tulikwenda mjini akina mama watatu, na kijana mmoja wa kutusindikiza. Muuzaji aliongea na kijana tu. Sisi wenye pesa tulisimama kando kama mizigo. Hakuuliza kompyuta ni ya aina gani, nasi hatukusema. Tukarudi na GTX 1060 iliyokwisha kutumika, nzito, ya feni mbili, tukifurahi kweli.

Haikuingia. Ilikuwa ndefu na pana kuliko kesi. Na fundi tuliyemwita alituonyesha kwamba hata ingeingia, isingefanya kazi. Tundu refu la PCI Express, mahali kadi inapokaa, linatoa umeme wa wati 75, si zaidi. Kadi ile inataka wati 120, kwa hiyo inahitaji waya wa pini 6 utoke moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme. Kisanduku chetu hakina waya huo. Karatasi iliyobandikwa juu yake imeandikwa wati 240, na hizo ni za mashine nzima: prosesa, diski, feni, vyote. Mama yeyote anayesoma kilo kwenye mzani anaweza kuisoma karatasi ile. Bisibisi moja tu, na rula ya kupima nafasi, kabla ya kupanda gari kwenda mjini!

Muuzaji alikataa kurudisha pesa. Alikubali kubadilisha. Kwanza akatupatia GT 1030, ya wati 30 tu, inayoingia hata kwenye kesi kama yetu. Sisi wakubwa tulikuwa tayari kuichukua na kwenda zetu. Binti ndiye aliyekataa, kwa heshima lakini bila kutetemeka: kadi hiyo inaonyesha video vizuri, lakini haina sehemu ya kuifinya video wakati wa kuihifadhi, na hiyo ndiyo kazi iliyotupeleka. Tukakaa kwenye benchi lake mpaka akatoa GTX 1050 Ti ya umbo fupi, wati 75, bila waya wa ziada. Akadai dola 15 za nyongeza, eti zile fupi ni adimu. Tulilipa kwa uchungu. Hakikisheni na bati fupi la nyuma lipo ndani ya boksi. Bila hilo, kadi fupi haifungiki kwenye kesi nyembamba.

Kuifunga ni kazi ndogo. Unachomoa waya wa umeme, unagusa chuma cha kesi ili umeme wa mwilini usiharibu kadi, unafuta vumbi, unasukuma mpaka kilimi cha tundu kilie. Tukawasha, skrini ikabaki nyeusi! Waya wa skrini ulikuwa bado kwenye tundu la zamani. Na skrini yetu ni ya VGA, wakati kadi hii haina VGA: tukanunua kigeuzi cha HDMI, dola 5. Programu ya kuiongoza kadi, piloti, ina mamia ya megabaiti. Binti aliishusha usiku.

Sasa harusi ya saa moja inahifadhiwa kabla sufuria ya maharagi haijaiva. Lakini mashine bado ni nzito kufungua programu, kwa sababu RAM ni giga 4 na diski ni ya zamani, na kadi haiwezi lolote hapo. Muso ambayo kompyuta yake ni ya barua na hesabu tu isinunue kadi ya picha kabisa. Pesa hiyo iende kwenye RAM na diski ya SSD.

Deni lote ni dola 115. Harusi mbili zimekwisha kurudisha 30, zimebaki 85, na riba ni ileile anayolipa kila mwanachama. Kasha jekundu, la magonjwa na misiba, halikuguswa. Marejesho yanayofuata yatasomwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, na risiti zote zitakuwa mezani kwa anayetaka kuzishika.