Tuta Likibomoka, Viwanda Husimama

Januari 2022 dhoruba Ana iliingia Malawi ikiwa imeshapungua nguvu. Mvua yake ilitosha. Mto Shire ulifurika, ukabomoa tuta la bwawa la Kapichira, na mitambo yenye uwezo wa karibu megawati 130, takribani theluthi ya umeme wote wa nchi, ikazimika. Ilikaa kimya zaidi ya mwaka mmoja.

Hasara hiyo ya mwaka mzima ndiyo isiyoandikwa. Serikali zetu huhesabu waliokufa, nyumba na madaraja, na ni haki zihesabu. Lakini nani alihesabu mahindi yaliyokosa kusagwa, au siku ambazo fundi wa kuchomelea alikaa bure akisubiri mgawo wa umeme uishe? Mwaka huo uchumi wa Malawi ulikua kwa takribani asilimia 1 tu, huku watu wakiongezeka kwa zaidi ya asilimia 2. Mmalawi wa kawaida alizidi kufukarika. Si Ana peke yake iliyoleta hayo: mbolea ilipanda bei, dola ziliadimika, na Mei kwacha ikashushwa thamani. Ila nchi yenye dhiki kama hiyo ndiyo isiyoweza kungoja umeme wake.

Machi 2023 kikaja kimbunga Freddy, mahindi yakiwa yanakaribia kuvunwa. Udongo uliporomoka ukafukia nyumba Blantyre, watu zaidi ya 600 wakafa nchini Malawi, na tathmini ya serikali na washirika wake ikataja hasara ya zaidi ya dola milioni 500. Kapichira ilikuwa bado haijarudi kazini.

Nchi tajiri hupigwa pia, lakini hujenga upya kwa fedha zilizokwisha kutengwa na bima iliyokwisha kulipiwa. Sisi huanza kutafuta siku ya msiba. Fedha za madarasa na zahanati huhamishiwa kwenye mahema na unga, ambavyo lazima vinunuliwe, kisha tuta na daraja vinangoja mfadhili. Wakati huo wote mkulima hauzi na kiwanda hakizalishi, wala kodi haikusanywi.

Tanzania haiko mbali na haya. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini kwenye eneo la Somanga, malori na mabasi yakakwama, na wasafiri wa Lindi na Mtwara wakabaki na njia ya kuzungukia Songea.

Tunataka Bunge, litakapopokea makadirio ya wizara za ujenzi na nishati, liwaulize mawaziri: ni daraja gani, tuta gani, laini gani ya umeme ambayo ikikatika leo itasimamisha mikoa mizima? Fedha za kuijenga upya mwezi huohuo ziko kwenye fungu gani? Na mkandarasi wake ameshasaini?