Msimbo wa Kozi si Pambo

Kila muhula unapoanza, kwenye ofisi za wasajili wa vyuo vikuu hawakosekani wanafunzi waliokumbatia bahasha za matokeo. Hawakufeli. Wanamtafuta ofisa wa kuthibitisha kwamba kozi waliyoifaulu chuo kingine, au hapo hapo kabla idara haijabadilishwa jina, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye mwongozo mpya kwa herufi na tarakimu nyingine. Asiyempata ofisa huyo hurudia kozi, na ada hulipwa upya.

Usumbufu huu hauna sababu. Msimbo wa kozi ni kitu chepesi: herufi hutaja somo au idara, tarakimu ya kwanza aghalabu hutaja mwaka wa masomo, zinazobaki hutaja kozi yenyewe. Mwajiri au chuo kingine akiuona kwenye nakala ya matokeo, aelewe bila kupiga simu. Msimbo unaoeleweka na idara iliyoutunga peke yake haujafanya kazi yake.

Mfano mwema tunao nyumbani Tanzania. Katika vyuo vyetu vya kati, msimbo wa moduli hubeba ngazi yake ya tuzo: anayeona 04, 05 au 06 anajua mara moja kama ni ngazi ya nne, ya tano au ya sita. Vyuo vikuu, vinavyojiona kaka wakubwa, vinashindwa nini?

Tukivuka mpaka, mambo huzidi kuwa magumu. Tanzania huhesabu krediti moja kwa saa 10 za kujifunza, za darasani, za maktaba na za mazoezi zikiwamo, na shahada ya miaka mitatu hudai krediti zisizopungua 360. Uganda huhesabu krediti moja kwa saa 15 za mwalimu na mwanafunzi kuwa pamoja. Kila mzani una mantiki yake, lakini mwenye krediti tatu za Kampala akifika Dar es Salaam huonekana hana kitu, na mwenye krediti 12 za Dar es Salaam akifika Kampala huonekana amesoma kupita kiasi. Wote wawili huenda walifanya kazi ile ile. Na haya yanatokea katika ukanda ambao kati ya 1963 na 1970 ulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na ambao wakuu wake wa nchi walitangaza mwaka 2017 kuwa ni eneo moja la elimu ya juu.

Hatupingi idara kuunganishwa au kugawanywa. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliunganisha Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na Idara ya Kiswahili, ikazaliwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Sababu ilionekana: utafiti na ufundishaji wa lugha moja ukae chini ya paa moja. Tunachokipinga ni kitivo kuitwa ndaki, idara kupasuliwa mbili na misimbo yote kufumuliwa, huku kilichoongezeka ni viti vya wakuu tu. Mageuzi yasiyomnufaisha anayesoma ni ugawaji wa vyeo.

Wahadhiri watasema msimbo wa pamoja utawanyang'anya uhuru wa kitaaluma. Hoja hiyo haina mashiko. Jimbo la Florida, Marekani, lina mfumo wa misimbo unaotumiwa na vyuo vyake vyote vya umma. Kamati za wahadhiri wa fani husika ndizo huamua kozi zipi ni sawa, na zikishaamua, sheria huvilazimu vyuo vya umma kumtambulia mwanafunzi anayehama krediti zake. Mhadhiri hubaki huru kufundisha apendavyo; asilo huru kufanya ni kumrudisha mwanafunzi nyuma kwa sababu ya tarakimu.

Hukumu yetu ni hii. Kwanza, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania iweke msimbo mmoja kwa kozi za msingi zinazofundishwa karibu kila chuo, kama stadi za mawasiliano, takwimu na kompyuta, ndipo iendelee na nyingine. Pili, Seneti yoyote isipitishe idara mpya wala msimbo mpya bila jedwali linaloonyesha kozi ya zamani imekuwa ipi, na jedwali hilo libandikwe hadharani. Tatu, mwanafunzi aliyeanza na misimbo ya zamani amalize nayo. Nne, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki litoe kanuni moja ya kubadilisha krediti za nchi hii kuwa za nchi ile, na vyuo vibanwe kuifuata.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji majengo wala mkopo wa nje. Yanahitaji maamidi, marasi wa ndaki na wasajili wakae meza moja. Chuo kitakachokataa kimrudishie ada kila mwanafunzi kitakayemlazimisha kurudia kozi aliyokwisha kuifaulu.