Barua ya Kuhama

Jumapili, nje ya uwanja wa Bukhungu, mama muuza mahindi choma aligeuza hindi huku akimlaani mshambuliaji anayesemekana kaomba kuhama. "Akienda huyo, tumekwisha!" Mimi nilimkumbuka kiungo wa Kenya Victor Wanyama, ambaye babake, Noah, aliichezea AFC Leopards, Ingwe wetu. Agosti 2015 Wanyama alitaka kuiacha Southampton aende Tottenham. Klabu ikakataa. Kocha Ronald Koeman, akiona kichwa cha kijana hakijatulia, akamwacha nje ya kikosi kilichokutana na Norwich, na bila yeye wakashinda 3-0. Mwingine angenuna hadi Krismasi. Wanyama alirudi katikati ya uwanja, akakaba kwa nguvu zilezile (kadi nyekundu nazo zikamfuata, maana ukali wake haukuwa na breki), na msimu ukaisha Southampton wakiwa nafasi ya 6 na pointi 63. Juni 2016 akaipata Tottenham yake. Sasa, Southampton waliweza kusema "hapana" kwa sababu walikuwa na mkataba mkononi na mshahara uliingia kila mwezi. Ligi yetu ya Kenya je? Hapa barua ya kuhama mara nyingi huandikwa na njaa. Mchezaji anadai mshahara wa miezi kadhaa, nasi tunamdai uaminifu. Nilimuuliza yule mama kama yeye angechoma mahindi miezi mitatu bila malipo. Akacheka, akalipaka hindi langu ndimu na pilipili, kisha akanyoosha mkono apewe pesa yake kwanza.