Gari linang'aa, chupa ya mafuta ya taa iko wapi?

Jumapili kwa dada yangu, Goba, ina ratiba yake. Asubuhi kanisani, mkirudi chai na chapati, halafu shemeji anavaa bukta yake ya zamani na kuanza kuosha gari. Halipeleki kwa vijana wa barabarani hata siku moja. Anasema wale wana haraka, wanasugua rangi kwa tambara lililokwisha kubeba mchanga wa magari kumi. Mimi huenda kwa ajili ya wali wa mchana, lakini mara nyingi naishia kukabidhiwa sponji.

Jumapili ninayotaka kuwasimulia ilikuwa siku ya waksi. Kwa wasioijua, waksi ni nta inayopakwa juu ya rangi ya gari baada ya kuoshwa. Inalipa mng'aro na kuikinga rangi na jua, vumbi na kinyesi cha ndege. Shemeji hupaka kila baada ya miezi miwili hivi, na siku hiyo hataki mchezo. Kabla ya waksi lazima rangi iwe safi kabisa, na mwezi ule barabara ya mtaani kwao ilikuwa inawekwa lami. Sehemu ya chini ya milango ilikuwa imejaa matone meusi.

Dawa ya lami aliyoijua ni ile tunayoijua wote: mafuta ya taa. Alikuwa nayo kidogo kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, lebo yake bado ipo. Akalowesha kitambaa, akasugua matone kadhaa, akaiweka chupa chini kando ya tairi. Mpira wa maji ukachomoka bombani, akaenda kuufunga.

Hazikupita dakika mbili. Mpwa wangu wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, na alikuwa akitembea kama mtu anayekimbilia daladala. Jua lilikuwa kali, ana kiu, na mbele yake kuna chupa ya maji. Sisi tulisikia kikohozi tu.

Kilichofuata wazazi wengi mnaweza kukikisia. Dada yangu alipiga kelele. Bibi jirani akavuka uzio na kikombe cha maziwa, akisema, "Mpe maziwa haraka, halafu mtapishe!" Shemeji alikuwa tayari amemgeuza mtoto kifudifudi kwenye mkono wake, kidole kimeshafika mdomoni. Na mimi, ninayeandika safu hii ya afya kila wiki, nilisimama na sponji linalochuruzika povu nikijaribu kukumbuka nilichowahi kuandika. Nilikumbuka kitu kimoja tu, nikakisema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Shemeji, usimtapishe!"

Tulimpeleka hospitali kwa gari lilelile, upande mmoja una povu na mwingine mkavu. Dada alimkalisha mapajani, mgongo wima. Mimi nilibeba ile chupa.

Hospitalini walimvua nguo zote kwa sababu zilikuwa zimelowa mafuta, wakamwosha kwa maji na sabuni, wakambana kifaa kidoleni kupima oksijeni. Maswali yalikuwa machache: amekunywa nini, saa ngapi, kiasi gani, amekohoa, ametapika, mmempa nini. Lile la mwisho ndilo waliloliuliza mara mbili. Alikuwa akipumua haraka, lakini oksijeni ilikuwa nzuri. Tukaambiwa tukae pale kwa saa sita akiangaliwa, maana dalili za mapafu zinaweza kuchelewa. Usiku homa ikapanda kidogo, kwa hiyo tukalala. Siku ya pili mchana aliruhusiwa, akatoka anadai biskuti.

Sasa, kwa nini usimtapishe? Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba sumu ikishaingia tumboni, cha kwanza ni kuitoa. Kwa mafuta ya taa, hatari kubwa haipo tumboni. Ipo kwenye mapafu. Mafuta haya ni mepesi sana, yanateleza na kusambaa haraka kuliko maji. Mtoto akipaliwa wakati wa kuyameza, matone machache yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na yakifika kwenye mapafu yanayaunguza kwa kemikali na kuleta nimonia. Ukimtapisha unayapitisha mafuta yaleyale kooni mara ya pili, huku mtoto analia na kuvuta pumzi kwa nguvu.

Maziwa, mawese, maji ya chumvi, vyote hivyo vinajaza tumbo na kuongeza uwezekano wa kutapika. Maziwa hayaui mafuta ya taa. Bibi jirani hakuwa na nia mbaya, na nyumba nyingi ninazozijua zingefanya vilevile. Lakini tumbo la mtoto huyo liache kama lilivyo. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mshike akiwa amekaa wima, na nenda hospitali hata kama anaonekana mzima. Akitapika mwenyewe, mwinamishe mbele ili matapishi yatoke nje. Akiwa amelegea au ana usingizi usio wa kawaida, mlaze ubavu. Beba chupa au kopo alilonywea. Kikohozi kisichokatika, kupumua haraka, mbavu kuingia ndani au matundu ya pua kutanuka kila anapovuta hewa ni dalili kwamba mapafu yameguswa, na hapo dakika zina maana.

Yote haya yanahusu petroli na dizeli pia, pamoja na polishi na waksi nyingi za gari, kwa sababu ndani yake mna vimiminika vinavyotokana na mafuta ghafi. Na waksi ina ujanja wake mwingine. Ile ya kopo, iliyo nzito, kwa macho ya mtoto haina tofauti na jeli ya kupaka au siagi ya mkate. Inanukia vizuri, nyingine kama ndizi mbivu. Sijui nani aliamua kwamba kitu cha kupaka kwenye boneti kinukie kama matunda.

Nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodi usiku ule, niliwaza kwamba shemeji hakuwa hata na haja ya yale mafuta. Yanatoa lami, ni kweli, lakini yanaondoa pia waksi iliyokuwepo na kuacha utando wa mafuta unaoshika vumbi. Mafuta ya kula ya kawaida, yale ya kukaangia, yanalainisha lami vizuri tu. Pakaza kwenye tone, acha dakika kadhaa, futa, rudia kama tone ni la siku nyingi, kisha osha kwa sabuni. Yanachukua muda zaidi, lakini hayamlazi mtoto wodini.

Kazi nyingine zote za kuosha gari hazihitaji chochote cha kutisha. Weka gari kivulini na bodi iwe imepoa, maana kwenye jua sabuni inakauka na kuacha alama. Kama kivuli chenyewe ni cha mwembe, utomvu wake utakupa kazi upya. Mwagia maji kwanza ili mchanga uondoke, kwa kuwa mchanga chini ya sponji ndio unaochora rangi. Anza na paa ukishuka chini, matairi mwisho na kwa tambara lake. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwa nguo, inaondoa waksi. Tumia shampuu ya gari. Kwa mtaa wenye mgawo wa maji, ndoo mbili za lita 20 zinatosha gari dogo: moja ya povu, nyingine ya kusuuzia sponji kabla hujalirudisha kwenye povu. Kausha kwa taulo laini. Waksi nayo ni kidogo tu, utando mwembamba, eneo moja baada ya jingine, subiri ikauke iwe na ukungu, kisha ifute kwa kitambaa kikavu. Usiipake kwenye plastiki nyeusi ya bampa isiyo na rangi, itaacha weupe unaogoma kutoka.

Hizo ndoo mbili ndizo jambo la pili lililoninyima usingizi. Mtoto wa umri wa mpwa wangu ana kichwa kizito kikilinganishwa na mwili wake. Akiinama kuchezea povu anaweza kuangukia ndani kichwa mbele, na hana nguvu za kujitoa. Ndoo ni nzito, haianguki naye. Maji ya kina cha sentimita chache yanatosha kumzamisha, na kuzama hakuna kelele kama kwenye filamu. Hakuna kilio wala kupiga maji. Kwa hiyo ukiitwa simu, ukienda dukani, ukienda kufunga mpira uliochomoka, mwaga kwanza ndoo au nenda na mtoto. Najua maji ni ghali na kumwaga kunauma. Basi nenda na mtoto.

Na ndoo ikibaki na maji nyuma ya nyumba hadi wiki ijayo, unafuga mbu. Yule anayeeneza dengi hupenda maji yaliyotuama kwenye vyombo vya nyumbani na matairi ya zamani, na anauma mchana. Waliokuwepo Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 wanaikumbuka dengi kwenye maungio yao.

Kuna kimoja ningependa kisiingie kabisa kwenye nyumba yenye watoto: dawa kali za kung'arishia rimu. Baadhi yake zina asidi ya florini. Asidi hii inapenya ngozi na kuharibu ndani, inashusha kalsiamu ya mwili, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, kiasi kwamba mtu anadhani amepona kumbe kazi ndiyo inaanza. Anayeuza kwa kupima, kutoka dumu kubwa kwenda chupa ndogo, hana lebo ya kukupa. Shampuu na brashi kuukuu vinasafisha rimu. Zitang'aa pungufu kidogo, sawa.

Kuhusu chupa, sheria ya nyumbani kwa dada yangu sasa ni fupi: kisicho cha kunywa hakiingii kwenye chupa ya kunywa, hata kwa dakika moja, hata kama kimebaki kidogo. Vyote vya gari viko kwenye boksi lenye kufuli, juu ya kabati la stoo. Shemeji alilitengeneza mwenyewe Jumatatu ileile, kabla mtoto hajaruhusiwa. Hakulizungumzia sana. Dada aliniambia alimkuta usiku anapiga misumari kwa taa ya simu.

Nilisita kuandika habari hii kwa sababu yake. Ni baba ambaye haendi baa, anayeshinda na watoto wake Jumapili, na ajali ilimkuta akiwa hatua kumi kutoka kwa mwanawe. Nilimwomba ruhusa. Alifikiri kidogo, akasema, "Andika, shemeji. Ila waambie chupa ilikuwa na kifuniko." Ni kweli, ilikuwa nacho. Kilikuwa kimewekwa juu tu, hakijakazwa.

Mpwa wangu sasa ana miaka mitatu na amepewa kazi rasmi. Ana kitambaa chake, kikopo cha maji matupu kisichozidi kikombe, na mlango mmoja wa nyuma, nusu ya chini. Mama yake hukaa kwenye kigoda pembeni akichambua mchele. Mtoto anasugua mpaka jasho linamtoka, kisha anaegemeza viganja vyote viwili kwenye waksi ambayo haijakauka. Shemeji anasubiri aingie ndani kula, ndipo anaupaka ule mlango upya.