Video niliyofuta bado inauza chai

Wasee, leo sina mzaha. Mwaka jana nililipwa elfu kumi na tano nifanye video ya dakika moja nikiwa nimeshika kikombe cha chai ya kupunguza tumbo. Maneno yalikuja kwa inboksi yakiwa tayari: niseme nimekunywa siku 14, tumbo imeisha, na kwamba hiyo chai ni siri ya wazee wa Kimaasai. Nikauliza kama lazima niinywe. Nikajibiwa, "Hapana, wewe shika tu kikombe." Kodi ya keja ilikuwa imefika. Nikashika kikombe.

Miezi miwili baadaye auntie akanipigia. Binamu yangu, mtoto wa Form Three, alikuwa amenunua hiyo chai na pesa yake ya shopping. Akaendesha siku tatu, akaanguka paredi ya asubuhi, shule ikamwita auntie aende kumchukua. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Si wewe ndiye ulisema umeitumia?"

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna mwalimu wa kunipa kazi ya kusoma. Lakini hiyo usiku nilisoma mpaka asubuhi. Nilitaka kujua huu mchezo ulianza lini. Nikakutana na Bile Beans.

Ndiyo, maharagwe ya nyongo. Hilo ndilo jina.

Mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati Australia ilikuwa bado makoloni ya Waingereza, majamaa wawili pale Sydney, Charles Fulford na Ernest Gilbert, walianza kuuza vidonge. Hadithi yao ilikuwa tamu. Eti mwanasayansi mmoja mkubwa, Charles Forde, aliona Waaborijini, wenyeji wa Australia, wana afya nzuri sana. Akachunguza, akagundua mmea ambao wao peke yao waliujua, na sasa siri hiyo imewekwa kwa kidonge. Ukiumwa kichwa, ukikosa choo, ukitoka chunusi, ukiwa mchovu, dawa ni hiyo hiyo moja. Baadaye ikawa pia ya kuondoa mafuta mwilini.

Magazeti yakajaa matangazo yao, Australia, New Zealand, mpaka Uingereza kwenyewe. Walitoa vitabu vya bure, na hata muziki wa piano wenye jina la dawa. Na barua za mashahidi, hizo usiseme: mama fulani wa mtaa fulani, alikuwa karibu kufa, leo anafua nguo akiimba. Kumbe kabla ya simu kulikuwa na sisi, tukiitwa barua.

Sasa sikia walivyoshikwa. Mfamasia mmoja wa Edinburgh, Scotland, anaitwa Davidson, akaanza kuuza vidonge vyake kwa jina hilo hilo. Kampuni ikakimbia kortini: huyu anatuibia jina! Majaji wakasema sawa, basi tuonyesheni hii biashara yenu imesimama juu ya nini. Ikapatikana kwamba Charles Forde hayuko. Hajawahi kuwa. Hakuna utafiti uliofanyika, na hakuna siri ya Waaborijini. Vidonge vilinunuliwa kutoka kwa watengenezaji wa dawa Marekani, na ndani kulikuwa na vitu ambavyo duka lolote la dawa lilikuwa navyo: kaskara, rubabu, vitu vya kuendesha tumbo. Mwaka 1905 kampuni ikapoteza kesi, na 1906 ikapoteza rufaa. Korti ilisema wazi kwamba biashara imejengwa juu ya ulaghai, kwa hivyo haiwezi kuja kuomba ulinzi.

Niseme ukweli, kaskara inafanya kazi. Ukiimeza utaenda choo. Na hapo ndipo mtego uko. Ukienda choo mara tano unapoteza maji, mizani inashuka, unasema "eh, hii kitu ni ya ukweli!" Lakini mafuta yako bado yako pale pale. Kesho ukinywa maji, kilo zinarudi, na unanunua pakiti nyingine. Binamu yangu alifurahia mizani siku mbili. Ya tatu akaanguka.

Kilichoniuma zaidi ni hao Waaborijini. Mwaka 1897 koloni la Queensland lilipitisha sheria iliyompa serikali nguvu ya kuwatoa kwao na kuwafungia kwenye maeneo waliyotengewa. Miaka hiyo hiyo, mzungu anachukua jina lao, anasema ni watu wenye afya ya ajabu, anauza. Wao hawakuulizwa. Sasa niambie, mimi nilipotaja wazee wa Kimaasai, nilimuuliza mzee gani? Sijawahi hata kukaa na mmoja tukaongea dawa. Nilitumia heshima yao kama stika ya kubandika kwa pakiti.

Najua mtu ataandika hapo chini: unaharibia wenzako riziki, na kwani mitishamba yote ni uongo? Hapana. Shosho yangu ana majani yake na nayaheshimu, kwa sababu anakwambia ni ya nini, na anakwambia pia lini uachane nayo uende hospitali. Na wale wale wa Bile Beans ndio walileta Zam-Buk mwaka 1902, hiyo ya kopo la kijani ambayo labda mathe wako anayo, na sina shida nayo. Shida yangu ni kutoa ushahidi wa kitu hujakiona.

Wengine watasema serikali ndiyo ifanye kazi yake. Ifanye, sawa. Lakini angalia: baada ya korti kuita Bile Beans ulaghai, ziliendelea kuuzwa mpaka miaka ya 1980. Kule mji wa York, Uingereza, tangazo lao kubwa lingali ukutani. Limepakwa rangi upya, watalii wanalipiga picha. Hukumu ilisomwa mara moja. Tangazo lilisomwa kila siku.

Mwezi uliopita wenye chai walinirudia na elfu ishirini. Nikakataa, na kusema kweli, landlord bado ananitafuta. Ile video ya kwanza niliifuta siku auntie alipopiga simu. Lakini watu walikuwa wameshaidaunilodi, na wiki hii imenifikia tena kwa grupu ya WhatsApp, imetumwa na mtu hata hanijui.

Kwa hivyo nawaomba kitu kimoja. Ikifika kwa grupu ya familia yenu, usinyamaze. Andika hapo chini yake: huyo msee wa kikombe amekubali mwenyewe, hakuinywa.