Nani atamwonyesha mgeni makaburi ya Goma?

Mgeni anayefika Goma wakati wa utulivu huonyeshwa Nyiragongo, ziwa, gorila wa Virunga, na mawe meusi ya volkeno yaliyofunika katikati ya mji mwaka 2002. Vita hatuvionyeshi. Ng'ambo ya mpaka, Kigali, mgeni hupelekwa Gisozi na kusimuliwa mauaji ya 1994 chumba kwa chumba.

Kuna mfano mwingine, nao unaigusa nchi yetu kuliko tunavyodhani. Lubumbashi lipo sinagogi lililojengwa karibu na mwaka 1930. Wengi waliosali humo walitoka kisiwa cha Rhodes, ambacho leo ni cha Ugiriki, wakaja Katanga kufanya biashara. Rabi Moïse Levy, naye mtu wa Rhodes, aliwahudumia kuanzia 1937 hadi 1991. Safari hiyo ya kutafuta riziki ndiyo iliyowaokoa. Tarehe 23 Julai 1944 Wajerumani waliwapakia melini ndugu zao waliobaki kisiwani, zaidi ya watu 1,600, wakapelekwa Auschwitz. Walionusurika ni kama 150.

Mmoja wao, Sami Modiano, alikuwa ametimiza miaka 14 tu. Baba yake na dada yake walifia huko. Baada ya vita alikuja Kongo, akafanya kazi hapa miaka mingi, bila kusimulia. Uzeeni alirudi Rhodes, na kila majira ya joto alikaa katika Kahal Shalom, sinagogi la mwaka 1577, akiwapokea watalii. Watu waliokuja kuogelea baharini walijikuta mbele ya mzee mwenye namba ya kambi mkononi. Hapo hesabu ya 1,600 ilipata sura na majina.

Goma tuna hesabu, majina hatuna. Julai 1994 kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache. Ardhi ilikuwa mwamba wa volkeno, jembe halikuingia, hivyo mitambo ya kijeshi ikachimba mashimo na miili ikafukiwa pamoja. Tarehe 30 Agosti 2023 askari waliwapiga risasi waumini waliokuwa wakijiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO. Waliokufa walizidi 40. Mwanzoni mwa 2025, M23 walipouteka mji, vijana wa Msalaba Mwekundu walizika siku baada ya siku. Wangapi kati ya hao wote wameandikwa majina mahali ambapo mtoto wao ataweza kusoma?

Kinshasa imeanza kuadhimisha tarehe 2 Agosti, siku vita vya 1998 vilipoanza. Ni jambo jema. Lakini katika mji wetu kila upande huwalilia wafu wake tu, na anayewataja wa upande wa pili huulizwa ametumwa na nani. Ziara ya kumbukumbu ikianzishwa leo, mwongozaji angekuwa chombo cha mwenye bunduki, au angekuwa maiti. Kwa hiyo sisemi tuanze kutembeza watu.

Kazi ya kuandika majina ni nyingine, na makanisa yetu yanaiweza kuliko serikali. Katika benchi moja wanakaa Wanande, Wahunde, Wahutu, Watutsi na Washi. Mashemasi ndio walioita majina kwenye mazishi. Israeli walipovuka Yordani waliweka mawe 12 ili watoto waulize. Nasi kila parokia iwe na daftari: jina la marehemu, kartie aliyoishi, siku aliyokufa, na aliyebaki wa kumkumbuka. Kabila lisiandikwe. Jina la muuaji pia lisiandikwe kwa sasa, maana daftari lenye jina hilo likikamatwa, aliyeliandika atalipa. Mahakama zitakuwa na siku yake, na mashahidi wajulikane kwa mchungaji tu.

Nakala moja isikae Goma. Nyumba za wachungaji zimekwisha kuporwa mara nyingi, na karatasi ndizo za kwanza kuwashia moto.